Tablete 12 mu kabati, wanafunzi 160 ku oditwari: nianzie wapi?

Asistanti mmoja wa kimia ku Goma ananiandikia hivi: "Jambo Profesa. Fakilte yetu ilipataka tablete 12 na projekta moja kupitia proje fulani, tangu mwaka jana ziko mu kabati na ufunguo iko kwa sekretere. Sasa tumeambiwa kila mtu afundishe na teknolojia mpya, tena kwa njia ya kuunganisha masomo. Mimi niko na wanafunzi 160 wa mwaka wa kwanza, umeme unakatika, mu labo tumebakiza bureti 3, na kila mwalimu analinda somo yake. Naanzia wapi? Sitaki nichekwe."

Jambo mdogo wangu. Hapo ku mwisho penye unasema hutaki kuchekwa nimetabasamu, juu mimi nilishachekwa, mbele ya promosyo nzima (wanafunzi wote wa mwaka mmoja), kwa hiyo acha nianze na ile aibu yangu kisha tutafika ku tablete zako.

Ilikuwa hapa Bukavu, nikingali asistanti kama wewe. Nilikopa projekta, nikaomba jenereta kwa jirani, mafuta nikanunua na pesa yangu mwenyewe, nikawaonyesha wanafunzi simulasyo ya gazi: vile vimpira vidogo-vidogo vinakimbia ndani ya boksi, ukiongeza moto vinakimbia zaidi, ukibana boksi presyo inapanda. Oditwari yote "eeeh!", wengine wanafilmu na telefone. Nikarudi nyumbani najiona mwalimu wa kisasa kabisa. Wiki ya nyuma yake nikaleta intero (jaribio fupi) ya swali moja tu: juu ya nini pakiti ya chipsi yenye ilifungwa kule Mombasa kando ya bahari inafika huku kwetu imevimba kama tumbo ya mtoto mwenye kushiba? Walikuwa watu zaidi ya 100, na wale wenye walijibu vizuri wangeenea wote ku pikipiki moja pamoja na motari. Wengine waliandika ni joto ya njia, mmoja aliandika kwamba wafanyabiashara wanaongezaka hewa ili pakiti ionekane kubwa (huyo alau alikuwa anafikiri). Nilipowarudishia makaratasi nikawauliza, lakini si tuliona presyo wiki iliyopita? Kijana mmoja akajibu kutoka nyuma: "Profesa, ile ilikuwa filimu." Wakacheka mpaka nikafunga somo.

Alikuwa na haki. Niliwaonyesha kitu bila kuwauliza kwanza wanafikiri nini kitatokea, kwa hiyo hakuna mwenye aliweka neno yake mezani, na mtu mwenye hajabashiri hata umuonyeshe nini hawezi kushangaa, anaangalia tu. Basi jibu yangu kwako ni hii moja, mengine yote yenye nitaandika hapa chini yanaizunguka: usionyeshe kitu, iwe ku tablete, iwe mu sufuria, mbele kila mwanafunzi hajaandika ku karatasi yake anangojea nini na kwa sababu gani. Ukishika hiyo, hata chaki inatosha kuanza. Ukiiacha, watakuletea tablete 200 na utakuwa unafungua sinema.

Hii sikuitunga mimi. Kuko Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, huko Marekani, mwenye aliona kwamba wanafunzi wake wanapata pointi nzuri mu hesabu ndefu lakini ukiwauliza swali rahisi juu ya nguvu na mwendo wanaanguka. Mmoja wao akamuuliza, nijibu vile ulitufundisha ao vile mimi mwenyewe nafikiriaka? Tangu 1991 akabadilisha namna yake: anaweka swali fupi lenye majibu matatu ao mane, kila mtu anachagua peke yake, kimya, kisha wanageukiana na kubishana, kisha wanachagua tena. Wenye kujibu vizuri wakiwa chini ya karibu 30 kwa 100 unarudi kufundisha, wakiwa kati ya 30 na 70 unawaacha wabishane, wakipita hapo unaendelea. Wenzetu kule wako na vifaa vya kupigia kura, wewe uko na vidole. Kidole 1 ni A, 2 ni B, na mkono ukae ku kifua ili mwenye iko nyuma asikopie. Watu 160 unawasoma kwa sekonde 20, bila umeme, bila mega hata moja.

Na kama mkubwa wako anataka namba, umpe hii: mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya utafiti 225 wa masomo ya sayansi na uenjinia ku vyuo vikuu, wakakuta mahali penye mwalimu anaongea tu wanaoanguka ni karibu 34 kwa 100, na penye wanafunzi wanafanyishwa kazi darasani ni karibu 22. Hiyo ni tofauti ya watu wengi sana ukihesabu promosyo kama yako.

Sasa hii maneno ya kuunganisha masomo. Watu wanaifanyaka namna ya kuchekesha: wanaandika neno "integre" ku kava ya silabisi, ndani ni zile kurasa za 1998, wanafunzi wanainunua. Mimi naona hivi, unahitaji swali yenye hakuna somo moja linaweza kuimaliza peke yake, na ninyi wa Goma muko na hizo swali zimelala barabarani. Nitakueleza moja yenye nilishafanya mara nyingi, ya maharagi: juu ya nini huku kwetu yanakawia kuiva?

Unaingia, huna kitu mkononi, unauliza: maji ya hapa yanachemka ku digri ngapi? A, 100. B, zaidi ya 100. C, chini ya 100. Vidole ku kifua. Utaona msitu wa A, juu tangu primeri waliimba 100. Waache waandike na sababu. Kisha unatoa mbabula, makala (makaa ya kupikia), sufuria na termometre ya labo, unaita mmoja asome kwa sauti. Siku ya kwanza nilifanya hivyo, msichana mwenye alikuwa anasoma alitangaza 80, 88, 93, 95... 95... 95. Maji yanaruka-ruka, mvuke umejaa, yeye bado "95". Akanigeukia na huruma: "Profesa, hii termometre imekufa."

Ile sentensi moja ilinilipa mwaka mzima. Nikajibu sawa, labda imekufa, tutajuaje? Kimya. Kisha mmoja akasema tuiweke mu barafu. Wakachanga franga, mtu akakimbia kwa mama mwenye kuuza vinywaji vya baridi ku mlango, akarudi na barafu mu sashe, tukaponda, tukaweka maji kidogo: sifuri. Termometre iko mzima. Basi nani anadanganya, kitabu? Hapo kelele ikaanza na mimi nikakaa. Nilikaa kabisa ku kiti, wewe pia ukae, hiyo njo kazi ngumu kuliko zote mu ualimu wa namna hii.

Teknolojia inaingia sasa, penye iko na kazi. Kuko programu ya bure inaitwa phyphox, ilitengenezwa ku chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, inasoma vipimaji vyenye viko tayari ndani ya telefone na haiombi intaneti ukishaiweka. Kama telefone iko na kipima-presyo (za bei ndogo mingi hazina, mu promosyo yako utapata labda tano ao sita, inatosha) itaonyesha kandokando ya ziwa Kivu karibu hPa 850 (hektopaskali, kipimo cha presyo), wakati ku bahari ni 1013. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa yenye inakandamiza maji ni kidogo, kwa hiyo maji yanachemka mapema, na ile pakiti ya chipsi inavimba juu ya hiyo hiyo. Lakini usiwaambie. Watume wapande ngazi mpaka etaji ya tatu na telefone mkononi, mbele ya kupanda kila mtu aandike: namba itapanda, itashuka, ao itabaki? Itashuka kama hPa 1 kila mita 10. Nimeona watu wazima wa miaka 22 wanapanda na kushuka ngazi mara nne kama watoto, wanataka kuhakikisha.

Hapo fizikia imeisha na maharagi hayajaiva. Kimia: wanakemia wako na kanuni ya mkono kwamba ukiongeza digri 10 mwendo wa reaksyo unakaribia kuwa mara 2. Basi ukipunguza 5 unagawanya na kama 1.4, kwa hiyo sufuria yenye ingekaa masaa mawili kule Moanda ku bahari, hapa inakaribia masaa matatu. Ni makadirio, wanafunzi wabishane nayo, ndiyo uzuri wake. Biolojia: maharagi mekundu mabichi yako na protini inaitwa lektini, kama haijaharibiwa na moto vizuri tumbo itakueleza usiku. Kisha makala, na kwenu Goma makala mengi yanatokea upande wa Virunga, kila mtu anajua, kwa hiyo digri 5 zimefika mpaka ku miti ya parki. Na hesabu ya mwisho inafanyikia nyumbani: kila mwanafunzi apime na mama ao dada yake makala ya kuivisha kilo moja ya maharagi yenye yalilala mu maji usiku, na kilo yenye haikulala. Mizani watakopa kwa muuza unga. Wakirudi uko na vipimo 160, kila jiko la Goma limekuwa labo yako, na hapo njo unaenda kuomba ule ufunguo wa kabati, juu sasa kuko data ya kuingiza, kuko grafiki ya kuchora, na hakuna mwenye atauliza tablete ni ya kazi gani.

Swali ya pili, kwa siku yenye huna makala, ni mazuku. Neno lenyewe ni lenu, wanasayansi wa volkano wanaliandika hivyo hivyo mu maandishi yao ya Kifaransa na Kiingereza. Ile gazi ya kaboni yenye inatoka chini ya ardhi upande wa kuelekea Sake, inalala mu mashimo, inaua mbuzi, inaua mtoto mwenye iko mufupi mbele ya mtu mzima mwenye amesimama. Wanafunzi wasiende kule, tafazali, hata na kiongozi. Chukua beseni, simamisha buji (mishumaa) tatu za urefu tofauti, ziwashe, mimina bikarbonate chini na siki polepole pembeni, vinatoa gazi hiyo hiyo. Buji gani itazimika kwanza? Vidole. Wengi wanasema ile ndefu, juu wanazoea kwamba moshi unapanda. Inazimika ile fupi, kisha ya katikati. Gazi ya kaboni ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, 44 kwa 29, hesabu ya mstari mmoja, lakini wakishaona moto wa chini unakufa hiyo hesabu haitawatoka. Kutoka hapo ukitaka unaingia ziwani: mita 485 ya kina, chini yake kumelala karibu kilomita 300 za ujazo za gazi ya kaboni na 60 za metani, Rwanda inatoa umeme ndani yake pale ku kituo cha Kivuwatt, na ku ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986 gazi ilitoka usiku ikaua watu karibu 1,700. Kanuni ya Henry (presyo ikipanda, gazi inayeyuka zaidi mu maji), ile yenye kila mwaka wanaichukia, hapo wanaiomba wenyewe.

Tablete zenyewe sasa, haraka-haraka. Wiki hii uzitoe uzichajishe, juu batri ya litiamu ikikaa tupu mwaka mzima inakufa pole-pole, na ukizirudisha uziache nusu, si sifuri. Usizilete ku oditwari, 12 kwa 160 ni vita. Gawanya promosyo mara nne ku TP (masomo ya vitendo), watu 40 kwa zamu, watatu ao wane ku tablete moja, zaidi ya wane wa tano anaangalia WhatsApp. Weka simulasyo za PhET, zile za chuo kikuu cha Colorado zenye Carl Wieman alianzisha 2002 akiwa ametoka kupata Nobel ya fizikia, zinapakuliwa mara moja kisha zinafanya kazi bila intaneti. Weka Kiwix, programu ya kusoma bila intaneti, na Wikipedia ndani. Kama muko na kijana mwenye anajua mashine, akutengenezee seva ndogo ya Raspberry Pi, inatoa wifi yake yenyewe kwa oditwari ndogo na inakula umeme kidogo sana, power bank ya telefone inaishikilia TP nzima. Na ule ufunguo: usigombane na sekretere, yeye anaogopa kulipa. Mpelekee daftari yenye kila tablete iko na namba na delege (mwakilishi wa wanafunzi) mwenye anasaini. Moja ikipasuka, ipasuke. Mimi napendelea tablete yenye imepasuka mu mikono ya wanafunzi kuliko yenye imezeeka na plastiki yake.

Bureti 3 sasa, ile mirija ya kioo ya kutonesha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Watu watakuambia labo ya ku skrini inatosha, mimi sikubali. Mu skrini tone halikosei, mkono wako hautetemeki, rangi inageuka mahali palepale. Tumia skrini siku ya kwanza ili wajue wanatafuta nini, kisha waende ku bureti tatu kwa zamu fupi, na wenye wanangoja watumie sindano za farmasi za ml 10, bila ncha, na maji ya kabeji nyekundu kama kionyeshi. Matokeo yatapishana na ya bureti, waulize kwa kiasi gani na juu ya nini, hapo umefundisha makosa ya kipimo bila kutaja sura.

Juu ya zile programu za akili bandia zenye zinaandika, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 sipigani nayo tena. Ninaleta jibu lake darasani kama jibu la mwanafunzi mwingine. Ukiiuliza maji yanachemka ku digri ngapi bila kutaja mahali, mara nyingi itakupa 100 kwa ujasiri mkubwa, na msichana yangu wa termometre yuko pale anangoja.

Wenzako wenye wanalinda masomo, usiite mkutano. Mukiita mukutano wa kuunganisha masomo mutagawana vitabu na soda. Tafuta mmoja tu, wa biolojia ao wa fizikia, mwenye munakunywaka naye chai, mupange swali moja, alasiri moja, na pointi 10 zenye zinahesabiwa kwa wote wawili. LMD yenyewe (ule mfumo wa lisansi, master na doktora) inawapa mlango, unite d'enseignement moja inabeba masomo mawili-matatu chini ya kredi zile zile, ni vile tu tumezoea kila mtu kuja na intero yake mufukoni. Na intero yenyewe ibadilike: kama ku ekzame bado unauliza "fafanua presyo", watakariri fafanuzi na sufuria wataisahau, na watakuwa wamefanya hesabu nzuri kwa upande wao.

Mambo mawili yatakuumiza, bora ujue sasa. Hautamaliza silabisi. Mwenye anakuambia utafundisha hivi na utamaliza sura zote, hajafundisha hivi. Mimi niliacha sura mbili mwaka wa kwanza, nilichagua mwenyewe zipi, nikamuambia mkuu wa departema mapema mbele asikie kwa wengine. La pili, wanafunzi watalalamika. Watasema "asistanti hafundishi, anatuuliza-uliza tu, sisi tulilipa." Pale Harvard mwaka 2019 walipima hiyo kabisa: wanafunzi wenye walifanyishwa kazi walijifunza zaidi kuliko wenye walisikiliza tu, lakini wao wenyewe walisadiki wamejifunza kidogo. Kuchoka wanakuita kutofundishwa. Kwa hiyo waambie siku ya kwanza kabisa kwamba itachosha na juu ya nini, na ile intero ya kwanza iweke mapema, wiki ya tatu, ili waone pointi zao wenyewe mbele delege hajapeleka barua kwa doyen, mkuu wa fakilte.

Mambo ya umeme na ya hali yetu ya usalama tangu 2025 sikugusa, juu hakuna kitu naweza kukufundisha hapo chenye hujui. Ila nimechagua vitu vyenye vinafanyika hata siku ya giza.

Anza na maji. Nunua barafu mapema, usingoje mpaka wakuambie termometre imekufa, juu yule mama siku moja hakuwa nayo na nililala nimeshindwa. Kisha uniandikie ku 160 wangapi walionyesha kidole kimoja.